Pacer, treni ya Uingereza yenye bodi ya basi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akiona picha ya Pacer kwa mara ya kwanza huwa hakosi la kuuliza. Ni basi au treni? Ilidumuje miaka yote ile? Imeishia wapi? Maswali yanayojirudia yamekusanywa hapa, kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma lile la miaka 20 katika sehemu ya tatu.

## Mambo ya msingi

Pacer ni treni gani hasa?

Ni jina la jumla la familia ya treni ndogo za dizeli za abiria zilizotengenezwa kwa ajili ya British Rail, shirika la reli la serikali ya Uingereza, katikati ya miaka ya 1980. Nyingi ni za mabehewa mawili yasiyotenganishwa katika kazi za kila siku. Kila behewa lina injini yake chini ya sakafu, na kila ncha ya treni ina chumba cha dereva.

Hakuna kichwa kinachovuta. Treni ikifika mwisho wa njia, dereva hutoka chumba kimoja, hutembea hadi upande wa pili, na safari ya kurudi huanza bila kugeuza wala kufungua kitu. Kwa njia fupi zenye stesheni nyingi na abiria wachache, mpangilio huu unaokoa muda, watu na mafuta.

Kasi yake ya juu ni maili 75 kwa saa, yaani kilomita 120 hivi. Kwenye njia nyingi ilikopangiwa haikupata nafasi ya kuifikia, maana stesheni inayofuata ilikuwa karibu mno.

Ni kweli kwamba ni basi lililopandishwa juu ya reli?

Nusu yake ni kweli. Kiwanda cha Leyland cha Workington, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kilikuwa kikitengeneza basi la mjini liitwalo Leyland National. Bodi yake iliundwa kwa vipande vya kipimo kimoja: ukitaka basi refu unaongeza vipande, ukitaka fupi unapunguza. Wakati huohuo, watafiti wa British Rail mjini Derby walikuwa wametumia miaka kutafuta namna ya kufanya behewa la mizigo lenye ekseli mbili tu likimbie kwa kasi bila kuyumba.

Mwaka 1978 kazi hizo mbili zilikutanishwa. Bodi ya Leyland National ilifungwa juu ya fremu iliyotokana na utafiti wa mabehewa ya mizigo, likapatikana gari la majaribio lililoitwa LEV1. Pacer zote ni wajukuu wa gari hilo. Kwa hiyo ukikaa ndani unaona basi: madirisha, paneli, siti, na hapo mwanzo hata milango ya kukunjika. Ukichungulia chini unaona behewa la mizigo.

Kwa nini nchi tajiri iliamua kutengeneza treni ya bei rahisi namna hii?

Kwa sababu utajiri ule haukuelekezwa kwenye reli. Treni za dizeli za miaka ya 1950 zilikuwa zimechoka kwa pamoja, na nyingi zilikuwa na asbesto ndani ya kuta, madini ambayo vumbi lake linaua mapafu. Ilibidi ziondoke. Lakini serikali ya miaka ile haikuwa na hamu ya kumwaga fedha kwenye njia za matawi zisizolipa. Ripoti ya Serpell, iliyotolewa Januari 1983, ilikuwa na mapendekezo kadhaa, na kali kuliko yote lingepunguza mtandao wa nchi kutoka maili 10,000 hivi hadi chini ya maili 2,000. Halikutekelezwa, ila lilimwambia kila meneja wa reli upepo unavuma kutoka wapi.

Katika hali hiyo British Rail haikuwa ikichagua kati ya Pacer na treni nzuri. Kwa njia nyingi za vijijini chaguo lilikuwa Pacer au njia kufungwa. Anayeicheka Pacer aanzie hapo.

Wala halikuwa jaribio la kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 British Rail ilinunua magari 22 ya reli mfano wa basi kutoka kwa watengenezaji watano, kwa lengo hilohilo la kuokoa njia ndogo. Miaka ya 1960 ilipokwisha yalikuwa yameondolewa kazini, na njia nyingi yalizotumwa kuziokoa zilishafungwa.

Zilikuwepo aina ngapi, na nitazitofautishaje?

Ilianza na Class 140, treni moja tu ya majaribio. Ikafuata Class 141, treni 20 zilizopelekwa West Yorkshire kuanzia 1984. Hizi zilikuwa na upana wa basi la kawaida, kwa hiyo ukizitazama kutoka mbele zinaonekana nyembamba kuliko treni nyingine.

Class 142 ndiyo watu wengi wanayoikumbuka wakisikia neno Pacer. Zilitengenezwa treni 96 kati ya 1985 na 1987. Bodi bado ni ya Leyland, lakini imepanuliwa ili iingize siti tatu upande mmoja na mbili upande wa pili. Class 143 ni treni 25, na Class 144 ni treni 23. Aina hizi mbili zina bodi ya Walter Alexander, kampuni ya Scotland iliyojenga mabasi mengi ya ghorofa unayoyaona kwenye picha za miji ya Uingereza. Uso wao ni wa mviringo zaidi, na ndani hazifanani sana na Leyland National. Treni 10 za Class 144 ziliongezewa behewa la tatu katikati.

Jumla, ukiacha ile ya majaribio, ni treni 164.

Namba zilizoandikwa usoni zinasomwaje?

Tarakimu tatu za mwanzo ni aina, tatu za mwisho ni treni yenyewe. 142 004 ni treni ya nne ya Class 142. Class 143 zilibadilishiwa namba baadaye, ndiyo maana utaziona zikiwa 143 601 hadi 143 625. Hakuna treni 600 zilizopotea.

## Chini ya sakafu na ndani

Zilitumia injini gani?

Mwanzoni Leyland TL11, injini ya basi yenye nguvu ya farasi 200 hivi, moja kwa kila behewa, ikizungusha ekseli moja kati ya mbili. Ilifungwa na gia za kimekanika za aina ya basi, zikibadilishwa zenyewe kwa udhibiti wa kielektroniki.

Gia hizo ndizo zilizowanyima mafundi usingizi. Basi la mjini hupunguza mwendo, husimama, huondoka, na uzito wake ni wa basi. Treni hii ilikuwa na uzito wa tani 25 hivi kwa behewa na ilitakiwa kwenda kasi kwa dakika nyingi mfululizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyingi zilibadilishwa: injini ya Cummins ikaingia badala ya Leyland, na gia za Voith zinazopitisha nguvu kwa mafuta badala ya meno pekee. Baada ya hapo uaminifu wake ulipanda sana. Lawama nyingi za kuharibika njiani ni za miaka ya mwanzo, kabla ya matengenezo hayo.

Kwa nini zilikuwa zikiruka hivyo?

Treni ya kawaida ya abiria haikai moja kwa moja juu ya magurudumu. Kila mwisho wa behewa kuna fremu ndogo yenye ekseli mbili, mafundi huiita bogi, ambayo hugeuka kidogo peke yake na ina springi zake. Gurudumu likipita juu ya maungio ya reli, bogi inameza sehemu ya mshtuko kabla haujafika kwenye siti yako.

Pacer haina bogi. Ina ekseli mbili kwa behewa zima, zikiwa umbali wa mita 9. Sasa tazama hesabu: reli za zamani za Uingereza zina vipande vya futi 60, yaani mita 18 na kidogo. Ekseli ya mbele inapopita kwenye maungio, ya nyuma iko karibu na katikati ya kipande cha reli. Baada ya mita 9 zinabadilishana. Mbele chini, nyuma chini, mbele chini, nyuma chini. Ndipo yalipotoka majina ya kejeli, maarufu likiwa la punda anayetikisa kichwa. Kwenye reli zilizochomelewa kuwa ndefu bila maungio, Pacer ilikuwa tulivu kuliko sifa yake, na mtu aliyepanda kwenye njia kuu anaweza kukuambia hakuona tatizo lolote. Wote wawili wanasema kweli.

Na zile kelele kwenye kona?

Chanzo ni kilekile. Ekseli zisizogeuka zinabaki sambamba hata reli inapopinda, kwa hiyo gurudumu linaingia kwenye kona kwa pembe na ukingo wake unasugua reli. Mlio wake ni mkali, na waliokaa karibu na kona za njia hizo waliujua vizuri.

Mfano mbaya kabisa ulitokea Cornwall, kusini-magharibi kabisa mwa nchi. Mwaka 1985 na 1986 treni 13 za Class 142 zilipelekwa kituo cha Laira, Plymouth, zikapakwa rangi ya chokoleti na krimu kama treni za kampuni ya zamani ya Great Western, zikaitwa Skipper. Njia za matawi za Cornwall, mfano ile ya Looe na ile ya Gunnislake, zimejaa kona kali. Magurudumu yalilika upesi, wakazi wakalalamikia mlio, na baada ya muda mfupi Skipper zote zilirudishwa kaskazini zikiwa bado na rangi zao za kifahari. Kwa miaka kadhaa watu wa Manchester na Newcastle waliona treni za rangi ya chokoleti na hawakuelewa zimetoka wapi.

Siti zilikuwa mbaya kiasi gani?

Zilizokuwa za mwanzo: benchi za basi, mgongo mfupi, hakuna pa kuweka kichwa. Kwa dakika 20 kutoka kitongojini hadi mjini, hakuna shida. Lakini Pacer zilipangiwa pia safari ndefu, kwa mfano Leeds hadi Morecambe, takriban saa mbili, na hapo benchi la basi ni adhabu. Baadaye nyingi zilikarabatiwa na kupewa siti za kila mtu peke yake, na katika ubora huu zilitofautiana sana kwa sababu kila mkoa ulikarabati kwa fedha zake.

Kuhusu choo: kilikuwepo kimoja kwa treni, na kilimwaga moja kwa moja juu ya reli. Wakati ule treni nyingi za Uingereza zilifanya hivyo.

Mbona nimeona picha ya Pacer imeunganishwa na treni isiyofanana nayo?

Hiyo si ajali ya picha. Class 142, 143 na 144 zilipewa kiunganishi cha aina moja na treni za Sprinter za miaka ileile, zile zenye bogi. Dereva anaisogeza moja mpaka iguse nyingine, zinajifunga zenyewe, na mtu mmoja anaziendesha zote kutoka mbele. Karakana ikikosa treni moja asubuhi iliweza kuziba pengo kwa nyingine. Katika mwaka wa mwisho wa kazi zao uwezo huu uligeuka kuwa wa lazima (tazama jibu la viti vya magurudumu).

Kasoro yake: hakuna mlango wa kupita kutoka Pacer moja hadi treni nyingine iliyounganishwa nayo. Kondakta aliyetaka kukagua tiketi pande zote alilazimika kusubiri stesheni, ateremke, akimbie, apande upande wa pili. Abiria wasio na tiketi walilijua hilo vizuri.

## Maisha ya kazi

Zilifanya kazi wapi?

Nyumba yao ilikuwa kaskazini mwa Uingereza: Manchester, Liverpool, Leeds, Sheffield, Newcastle, Middlesbrough na miji midogo inayozizunguka. Wales ya kusini ilikuwa na kundi lake, likifanya kazi kwenye njia za mabonde yanayoshuka hadi Cardiff, ambako zamani reli zilijengwa kwa ajili ya makaa ya mawe. Kusini-magharibi, baada ya kushindwa kwa Skipper, Class 143 zilifanya kazi kwa miaka mingi kuzunguka Exeter bila makelele ya kutosha kuandikwa magazetini.

London hazikuzoeleka. Hili si jambo dogo. Mbunge, mwandishi wa habari au ofisa wa wizara angeweza kumaliza maisha yake ya kazi bila kukaa ndani ya Pacer hata siku moja, wakati muuguzi wa Rochdale au mwanafunzi wa Merthyr Tydfil alikuwa akiipanda kila asubuhi. Kaskazini treni hii iligeuka kuwa hoja ya kisiasa kuhusu nani anapewa nini.

Inasemekana zilitengenezwa zidumu miaka 20. Ilikuwaje zikafika 35?

Hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Hazikutengenezwa kuwa za kudumu. Mantiki ya treni rahisi ni kwamba unainunua upesi, unaitumia, unaitupa mapema kuliko treni ya chuma kizito. Kama ungekuwepo mpango wa kununua nyingine mwanzoni mwa miaka ya 2000, Pacer zingekumbukwa kama hatua ya mpito isiyo na lawama kubwa. Mpango huo haukuwepo.

Sababu ya kwanza ni ubinafsishaji. Sheria ya Reli ya 1993 iliivunja British Rail. Treni zilikabidhiwa kampuni tatu za ukodishaji, kisha kampuni nyingine zikapewa mikataba ya kuendesha huduma, na hizi zinakodi treni kutoka kwa zile. Class 142 ziliangukia Angel Trains, na Class 143 na 144 Porterbrook. Mwendeshaji ambaye mkataba wake ni wa miaka michache hana sababu ya kudai treni mpya itakayodumu miaka 30. Mwenye treni anapata kodi hata kama treni ni kuukuu. Mwenye uamuzi wa kweli akabaki serikali, kwa sababu huduma za kaskazini haziendi bila ruzuku yake.

Sababu ya pili ni mkataba wa kaskazini ulioanza Desemba 2004. Ulitolewa kwa dhana kwamba abiria hawataongezeka, kwa hiyo hakuna haja ya treni za ziada. Abiria wakaongezeka, tena sana. Sasa hata aliyetaka kuiondoa Pacer hakuweza: ukiiondoa, watu wanabaki jukwaani.

Ya tatu ni bei. Pacer ni nyepesi, tani 25 hivi kwa behewa dhidi ya 35 au zaidi za Sprinter. Hunywa mafuta machache, huisumbua reli kidogo, na kodi yake ilikuwa ndogo. Kila mhasibu aliyepiga hesabu ya kuibadilisha alifika jibu lilelile: haifai, endelea na iliyopo. Kwa kigezo chake hakukosea, ila kigezo hicho hakikuwa na safu ya mgongo wa abiria.

Fundo lilikatwa Februari 2015. Waziri wa uchukuzi Patrick McLoughlin alimwagiza kwa maandishi katibu mkuu wa wizara yake aweke sharti la treni mpya katika mkataba uliokuwa ukiandaliwa wa kaskazini, ingawa hesabu za wizara zilisema fedha hazitarudi. Maagizo ya namna hiyo hutolewa kwa nadra. Yanamaanisha waziri anabeba mzigo mwenyewe. Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa uamuzi pekee wa maana kuhusu Pacer tangu injini zilipobadilishwa.

## Usalama na ufikiaji

Zilikuwa hatari?

Hazikuwa na rekodi ya kuua abiria, lakini udhaifu wake ulionekana wazi tarehe 23 Juni 1999 karibu na Winsford, Cheshire. Treni 142 008, ikiwa haina abiria, ilipita ishara nyekundu na kuingia kwenye njia kuu. Treni ya haraka iliyokuwa ikija nyuma ilifunga breki za dharura na kupunguza mwendo sana, lakini ikaigonga. Hakuna aliyekufa. Hata hivyo bodi ya Pacer ilibanduka kutoka kwenye fremu yake, na kila aliyeiona picha alijiuliza swali moja: ingekuwa imejaa je?

Hapo asili yake ya basi ilikuwa na maana ya kweli. Bodi iliyoundwa kwa ajili ya barabara haijengwi kuhimili nguvu zilezile ambazo behewa la chuma linahimili. Kinga kuu ya Pacer ilikuwa kutogongwa kabisa, yaani ishara, mafunzo ya madereva, na baadaye mitambo ya kuifungia treni breki yenyewe ikipita ishara nyekundu, iliyofungwa nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kwa nini suala la viti vya magurudumu ndilo lililozimaliza?

Kwa sababu lilikuwa na tarehe. Malalamiko ya kelele na kuruka yanaweza kusikilizwa miaka 30. Kanuni za ufikiaji kwa watu wenye ulemavu zilisema treni zote za abiria ziwe zimetimiza masharti kufikia 1 Januari 2020: nafasi ya kiti cha magurudumu, choo anachoweza kuingia mwenye kiti hicho, matangazo ya kusikika na kuonekana, milango yenye alama na milio. Pacer ilishindwa karibu kila kipengele.

Porterbrook ilijaribu. Mwaka 2015 iliikarabati 144 012 kuwa mfano wa kuonyesha, ikiwa na choo kipana, siti mpya na intaneti. Kazi ilifanyika vizuri, na ilithibitisha kwamba inawezekana. Lakini baada ya agizo la Februari mwaka huohuo (tazama jibu la miaka 20) hakukuwa tena na wa kununua wazo hilo, na ikabaki peke yake.

Treni mpya zilichelewa, kwa hiyo Pacer kadhaa zilipewa ruhusa ya muda kuendelea mwaka 2020. Njia mojawapo ilikuwa kuziunganisha na treni iliyotimiza masharti, ili mwenye kiti cha magurudumu awe na behewa lake kwenye safari hiyohiyo.

## Mwisho wake na zilipo sasa

Pacer ya mwisho ilifanya kazi lini?

Inategemea unauliza wapi. Class 141 zilimaliza mapema, mwaka 1997. Kaskazini uondoaji wa Class 142 ulianza Agosti 2019, mwezi mmoja tu baada ya treni mpya za Class 195 za kampuni ya CAF ya Hispania kuanza kubeba abiria. Safari ya mwisho ya kampuni ya Northern ilikuwa 27 Novemba 2020, treni 142 004 kutoka Kirkby hadi Manchester Victoria. Exeter walimaliza mwezi uliofuata. Wales ndiyo iliyofunga kitabu, tarehe 29 Mei 2021, kwa Class 143 kwenye njia ya Rhymney.

Janga la korona lilizinyima maagano makubwa. Watu waliokuwa wamezilaani miaka yote wangejaa majukwaani na kamera, lakini mikusanyiko ilikuwa imekatazwa.

Zote zilikatwa kuwa chuma chakavu?

Hapana, na hili linawashangaza wengi. Nyingi zilikwenda skrepa, lakini idadi kubwa kuliko ilivyotarajiwa ilichukuliwa na reli za kihistoria zinazoendeshwa na watu wa kujitolea. Sababu si mapenzi tu. Reli hizo huvuta watalii kwa treni za mvuke, na mvuke ni ghali: makaa, maji, saa nyingi za kuwasha moto kabla ya safari ya kwanza. Siku ya Jumanne yenye mvua na abiria wanane, Pacer inawashwa kama gari na kuondoka. Kasi ya reli hizo kwa kawaida haizidi maili 25 kwa saa, na kwa mwendo huo hairuki.

Treni ya kwanza ya Class 142, namba 142 001, imo katika mkusanyiko wa taifa huko Shildon, na ile ya majaribio ya Class 140 iko Scotland kwenye reli ya Keith na Dufftown. Mabehewa mengine yalipata kazi zisizo za reli: wizara iliendesha shindano la mawazo, na miongoni mwa walioshinda ni shule ya msingi ya Fagley mjini Bradford, hospitali ya Airedale, na taasisi ya Huddersfield inayowasaidia wanaume wenye matatizo ya afya ya akili.

Ninaweza kuipanda leo?

Ndiyo, ukifika Uingereza. Reli ya Keighley na Worth Valley ina Class 144, na reli ya Wensleydale ina Class 142. Zote ziko kaskazini. Soma ratiba kwanza, maana siku ya treni za mvuke Pacer hubaki karakana.

Ziliwahi kuuzwa nje ya Uingereza?

Baadhi ya Class 141 ziliuzwa Iran baada ya kustaafu. Hazikudumu huko.

Na Afrika Mashariki, zingeweza kuja?

Kwenye mtandao wetu wa zamani, la. Pacer ni ya upana wa milimita 1,435. Reli ya kati ya Tanzania na ile ya zamani ya Kenya na Uganda ni za milimita 1,000, na TAZARA ni 1,067. Ekseli za Pacer zimefungwa kwenye fremu ya behewa lenyewe, kwa hiyo huwezi kutoa bogi moja na kuweka nyingine nyembamba kama inavyofanyika kwa mabehewa ya kawaida; ungekuwa unajenga treni upya. Reli mpya za SGR zina upana ule wa Uingereza, ila ile ya Tanzania inaendeshwa kwa umeme.

Kenya ilipotaka treni za mtumba za dizeli kwa ajili ya abiria wa Nairobi na viunga vyake, mwaka 2020, ilizinunua kutoka kisiwa cha Mallorca, Hispania, ambako reli ni za milimita 1,000. Ziliposhushwa zilikaa juu ya reli za zamani bila kubadilishwa upana wa magurudumu.